Ng'ombe wa Mwalimu Mkuu

Mwalimu wa Kiingereza wa darasa la pili alikuwa ameapa kwamba siku ile hatapaza sauti. Kiapo hakikufika hata nusu ya kipindi.

"Aliyeficha kadi kwenye soksi aitoe!" alifoka. "Nimeshakuona!"

Watoto watatu wakainama kuvua soksi. Yeye alikuwa amemwona mmoja tu.

Kadi hizo alizitengeneza mwenyewe nyumbani kwa maboksi ya viatu, akachora wanyama mpaka vidole vikamfa ganzi. Mchezo ulikuwa mwepesi: unamwuliza mwenzako kwa Kiingereza kama ana mnyama fulani. Akiwa naye, anakupa. Ukipata wawili wanaofanana, unawalaza mezani. Alipokuwa anakata maboksi yale, aliwaona watoto akilini mwake wakimwaga Kiingereza kama maji. Kumbe walichomwaga ni ugomvi, tena wa Kiswahili.

"Lete punda wangu!"

"Sitoi!"

"Mwalimu, huyu ananichungulia!"

Kiingereza pekee kilichosikika ni "No", na hicho walikuja nacho kutoka kwao.

Zogo lilipopamba moto, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwalimu mkuu, tai imembana shingo, uso umekunjwa.

"Mwalimu, mzazi mmoja kanipigia simu. Anasema mwanawe anafundishwa kamari."

"Kamari ya punda na bata, Mkuu?"

"Kadi ni kadi."

Mwalimu alikuwa amechoka hata adabu imemwishia. "Basi kaa ucheze nao. Ukiiona hiyo kamari, zibebe zote."

Hakutegemea kwamba angekaa. Mkuu akakaa, magoti juu karibu na kidevu, kwenye benchi la Kimya. Huyo alikuwa binti mdogo ambaye tangu aandikishwe shule hajawahi kufungua kinywa kwenye kipindi cha Kiingereza. Hata akiitwa jina, huitika kwa nyusi. Kwenye mchezo alikuwa akionyesha kwa kidole, na wenzake walishazoea kumsemea.

Mkuu alianza kwa kejeli, anauliza huku anatazama saa. Akapata bata wawili. Akapata paka wawili. Akalegeza tai. Mwalimu alipopita tena, alimkuta amezikumbatia kadi kifuani kama mtu anayelinda hati ya nyumba.

Mvulana wa upande wa pili akamwuliza, "Do you have a cow?"

"No," akajibu Mkuu, bila kupepesa macho.

Kimya akainua kichwa. "Teacher," akasema, sauti nyembamba lakini kavu, "you have a cow. I see it."

Darasa zima likamgeukia. Mwalimu akajikuta ameziba mdomo kwa kiganja. Mtoto ameongea! Tena sentensi nzima! Tena ya kumwita mwalimu mkuu mwongo!

"Ng'ombe gani?" Mkuu akahamaki, Kiingereza chote kikamtoka. Akaigeuza kadi darasa liione. "Huyu si mbuzi huyu?"

"Ana nundu, Mkuu," Mwalimu akasema, masikio yakimwaka moto.

"Hiyo ni nundu? Nilijua kabebeshwa mzigo!"

"Cow!" Kimya akasimama. "Give him the cow!"

"Goat!" akadakia mwingine.

"It is a cow!"

"No, look! It is a goat!"

Wakapanda juu ya madawati, wakagombana kuhusu mnyama yule mpaka kengele ikalia, na hakuna hata mmoja aliyeteleza kwenye Kiswahili. Mwalimu alisimama katikati yao, kichwa kinamgonga, hajui acheke au alie. Muhula mzima amewabembeleza waseme. Leo wamesema, na hakuna wa kuwanyamazisha.

Mkuu aliitoa kadi ile kwa shingo upande. Yule mzazi aliyelalamika alijibiwa kwamba anakaribishwa aje ajionee mwenyewe, naye hakuja.

Aliyekuja ni Mkuu. Kipindi kilichofuata Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza amewatuliza watoto, na amemwambia Kimya mara kadhaa afunge mdomo, jambo ambalo hakuwahi kuota kwamba lingemtoka, pale mlango ulipofunguliwa tena.

"Si una wageni ofisini, Mkuu?"

"Wanakunywa chai. Nimekuja kukagua."

Kimya akasogea kwenye benchi, akapiga nafasi ile kwa kiganja. "Sit down, teacher. No cheating."

Mwalimu akashusha pumzi ndefu, akaanza kugawa kadi.