Wanapimwa Wazima

Katika chumba kile cha kushonea sare za shule, hakuna sindano iliyoanza kazi asubuhi bila mate ya Shangazi. Ndivyo alivyowazoesha. Kila mshonaji alimletea uzi, naye akailowesha ncha yake kwa ulimi, akaupenyeza tunduni mara moja tu, akamrudishia mwenyewe. "Uzi usiopita mdomoni mwangu hukatika," alisema, nao wakacheka, kwa kuwa walimpenda. Hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale, lakini nani angethubutu kumwita vingine?

Siku muuguzi alipoingia na boksi lake la vijiti vya pua, Shangazi alijificha nyuma ya marobota ya vitambaa. Homa ya kifua ilikuwa imeonekana duka la jirani, na mtaa mzima ulikuwa unapimwa, anayekohoa na asiyekohoa.

"Mimi mzima kama chuma," alimnong'oneza mumewe, mkata nguo, alipomfuata huko. "Wakapime wagonjwa!"

Mumewe alijua kinachomkera. Binti yao alikuwa na mimba pevu, na kesho yake angepanda basi aje kujifungulia kwa mama yake. Kitanda kilishatandikwa. Shangazi alikuwa amevutana kwa miezi na mama mkwe wa bintiye juu ya nani atampokea mtoto, na akashinda. Sasa apimwe, akutwe nayo, ushindi wote uende na maji? Thubutu!

"Mama watoto," mumewe alisema, "usipopimwa haina maana kuwa huna. Ni kwamba hujui tu."

"Wewe nawe! Udaktari umeuanza lini?"

"Tangu nikuoe. Ubishi wako nautibu miaka yote hii, hauponi. Haya, natangulia."

Akakaa kitini, kijiti kikaingia, machozi yakamtoka, akapiga chafya iliyowafukuza washonaji hadi ukutani. Shangazi alicheka mpaka akajitokeza mwenyewe, na akishajitokeza, aibu ikamkalisha.

Kumbe! Majibu yalipotoka, waliokutwa nayo ni Shangazi na msichana anayeshona vifungo. Mpiga pasi, ambaye kwa kikohozi chake wenzake walishamhamishia mlangoni, hakuwa na kitu. Alisema siku zote kuwa ni mvuke, na leo ndipo wakamwamini.

"Mbona sina hata mafua?" Shangazi aliuliza.

"Ndiyo hatari yake, mama," alisema muuguzi. "Unaambukiza kabla hujajisikia vibaya. Tukisubiri ukohoe, tumeshachelewa. Kaa peke yako, na hawa tutawapima tena. Hapa kazini mnashirikiana vitu gani?"

Macho yote yakaenda kwenye sindano. Shangazi akaziba mdomo kwa mkono.

"Mungu wangu! Wanangu, nimewalisha mate yangu wote."

"Mate ya mama hayana kinyaa," alisema mpiga pasi, na hata muuguzi akacheka.

Shangazi hakucheka. Alitoka uani akampigia bintiye, na simu hiyo ilimkata maini. "Usije, mwanangu. Nenda kwa mama mkwe wako." Binti akalia, akasema mbona sauti yako nzima. "Ni nzima, ndiyo. Usije."

Haikupita wiki, homa ikamwangusha. Mumewe alimwachia chakula mlangoni. Shangazi alikitazama kile kitanda cha bintiye, kilichogusana na chake, akatetemeka, na si kwa homa. Kazini walipimwa tena: aliongezeka mmoja tu, naye, kwa hofu ya ule uzi, alikuwa amejitenga tangu siku ile.

Mtoto alizaliwa Shangazi akiwa amepata nafuu, ila hajaruhusiwa kutoka. Aliyepiga simu ni mama mkwe, yuleyule. Shangazi akajikaza kupokea majigambo.

"Wa kike," alisema mama mkwe. "Mzima, na mama yake mzima. Mwenzangu, nikwambie ukweli? Ningekuwa mimi, kitanda nimeshatandika, na mwilini sisikii kitu, nisingesema. Ningemwacha aje."

Machozi yakamtiririka Shangazi. "Hata mimi nilitaka kunyamaza," alisema. "Hebu mwekee simu nimsikie."

Akamsikia mjukuu wake akilia kwa nguvu zote.

"Mpakate vizuri basi, dada yangu," alisema, "mpaka nije."