Breki za Nyati

Vichwa vya treni vya dizeli vilipoletwa kuchukua nafasi ya vile vya mvuke, watu wa reli walivipa jina siku ileile: Nyati. Vilikuwa vipana mabegani, na vikianza kuvuta vilikoroma kutoka kifuani. Kaka mtu alikuwa miongoni mwa madereva wa kwanza kufundishwa kuviendesha. Aliporudi nyumbani na sare isiyo na masizi, mkewe alimwambia sasa angalau amepata mume wa kumtandikia shuka nyeupe.

Nyati wa siku hizo hakuwa na mchezo. Alipanda mlima na shehena ya simenti ambayo vichwa viwili vya mvuke vilikuwa vikiisukuma kwa kusaidiana. Kaka mtu akapata jina zuri kwa wakubwa, na jina hilo akalitumia kumwombea kazi karakana mdogo wake, ambaye wakati huo alikuwa akishinda kijiweni. Mdogo mtu alianza kwa kufagia na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Alikuwa na mikono myepesi na ulimi mtamu, na miaka ilivyokwenda akawa msimamizi wa karakana nzima. Mama yao alikuwa akisema Mungu amempa macho mawili na yote yanaona.

Kisha kiwanda kilichowatengeneza Nyati kikaacha kuwatengeneza, vipuri vikaadimika. Karakana ikaanza kuwavua waliolala ili iwavishe waliosimama. Huyu akawa na milango ya mwenzake, yule na pampu ya marehemu. Madereva wakatania kwamba ukipiga honi wanaitika watatu. Utani huo ulikwisha breki zilipoanza kulegea.

Jumamosi moja mdogo mtu alikuja kula kwa kaka yake, kama kawaida yake. Wakiwa mezani kaka mtu akamwambia kwamba Nyati wake hashiki tena kwenye mteremko, anateleza kama kipande cha sabuni. Mdogo mtu akamsihi avute subira. Vipuri viko njiani, alisema, na akimsimamisha Nyati huyo sasa wakubwa watauliza karakana ina kazi gani, nao ndio kwanza wanafikiria kumpandisha cheo.

"Mpeleke polepole tu, kaka. Jumatatu nitamshughulikia mwenyewe."

Kaka mtu akakubali. Utamshuku vipi mtoto uliyembeba mgongoni?

Kesho yake, kwenye mteremko mrefu kabla ya stesheni, Nyati alikataa kusimama. Msaidizi aliruka. Kaka mtu alibaki, akipiga honi mfululizo ili watu watoke njiani. Mshika ishara aliisikia, akamgeuzia njia ya pembeni isiyokuwa na mtu, na huko ndiko treni ilikoacha reli. Mifuko ya simenti ilipasuka, vumbi likafunika nyasi, paa na watu waliokimbilia kuokoa. Hakufa mtu. Kaka mtu alitolewa na mguu uliovunjika vibaya.

Mdogo mtu alifika hospitali kabla ya wengine wote. Alilia, akamlisha uji kwa kijiko.

Baraza la uchunguzi lilipokaa, kaka mtu alikuwa bado anatembelea magongo. Mdogo mtu aliitwa kueleza hali ya kichwa kile. Alieleza kwamba Nyati aliondoka karakana akiwa mzima, na kwamba hakuna dereva aliyewahi kumlalamikia. Kilichomponza, alisema, ni mwendo wa kasi. Muda wote huo macho yake yalikuwa kwa wajumbe.

Mwenyekiti akamwuliza kaka mtu kama ana neno.

"Nilimwambia mezani kwangu," alisema. "Mke wangu akipakua chakula."

"Sikumbuki jambo kama hilo," mdogo mtu akajibu.

Mke hakuitwa. Walisema mke atamtetea tu mumewe. Kaka mtu hakubisha tena, na waliokuwepo wakadhani amekiri. Alifukuzwa kazi. Mdogo mtu alipanda cheo, akahamia kwenye nyumba za wakubwa.

Nyati waliendelea kuvuta, hadi mwingine alipoteleza kwenye mteremko uleule. Safari hii waliletwa mainjinia wa nje, wakafungua breki za Nyati wote waliobaki, wakakuta zimekwisha. Wote waliondolewa njiani na kukatwakatwa kuwa vyuma chakavu. Kesi ya kaka mtu hakuna aliyeirudia. Wakati huo alikuwa akitengeneza pampu za maji kwenye kibanda cha mabati.

Hapo ndipo mdogo mtu alipomjia, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Niliogopa, kaka. Cheo kilikuwa kinaniponyoka. Nisamehe."

Kaka mtu aliweka spana chini.

"Ungekuja hospitali ukaniambia, 'Kaka, nibebee hili,' ningekubebea. Unanijua. Lakini hukuniomba. Uliniuza."



Mama yao alipougua, walikaa kila mmoja upande wake wa kitanda. Wakapiga soga, wakacheka pale alipotaka wacheke, na alipowashikanisha mikono hawakuichomoa. Alifariki akiamini kwamba wanawe wamepatana. Baada ya mazishi kaka mtu alimsindikiza mdogo wake hadi kwenye gari, akamtakia safari njema kama anavyotakiwa mgeni, kisha akarudi ndani kukunja mikeka.