Mipigo Midogo ya Bi Taratibu

Karakanani walimwita Bi Taratibu, na halikuwa jina la sifa. Alikuwa fundi wa leza, mwanamke wa kupima mara tatu ndipo aguse kitufe. Wenzake walisema akiinjika chai, wageni huaga kabla haijachemka.

Kazi yao ilikuwa kuchonga vibomba vya chuma, vyembamba kama kijiti cha kiberiti, vya kuzibua mishipa ya moyo. Leza yao ilipiga mipigo ya mwanga mifupi mno, kope haiwahi hata kutikisika. Hata hivyo kazi ilijikokota, na hospitali zilikuwa zinangoja. Mkuu wa karakana akaamuru nguvu iongezwe. Ikaongezwa. Kingo za chuma zikaungua, na kasi haikupanda ng'o.

"Mkuu," akasema Bi Taratibu, "mpigo ukizidi ukali, sehemu tu ya nguvu yake ndiyo inayobandua chuma. Iliyobaki inazama ndani, inakuwa joto la bure. Tuugawe uwe mipigo midogo inayofuatana, kila mmoja ubandue tabaka lake."

"Yaani tupige polepole ili tuwahi?" Mkuu akaangua kicheko. "Haya, wiki hii mashine ni yako."

Mwanzo ulimwaibisha. Aliugawa mpigo mno, ukawa dhaifu, chuma kikang'aa tu kama kilichopanguswa. Wenzake wakakohoa kicheko. Akapunguza mgawanyo, akapandisha nguvu kidogo kidogo, jicho kwenye hadubini, mpaka Alhamisi asubuhi chuma kikaanza kubanduka chenyewe, vumbi laini likafuka. Kibomba kilichokuwa kikiwachosha kusubiri kikatoka Mkuu akiwa bado anafuta miwani.

Mkuu akainamia hadubini. Kingo zilikuwa safi, hazina hata alama ya moto.

"Rudia."

Akarudia. Kikatoka kingine vile vile.

Mkuu akainuka, akawageukia wengine. "Njooni muone kazi ya fundi wenu. Kuanzia leo mashine zote zitapangwa anavyotaka yeye."

Jumamosi Bi Taratibu akamleta mama yake karakanani. Bibi yule akachungulia kibomba kwenye hadubini.

"Hiki ndicho kinachoingia moyoni mwa mtu?"

"Ndicho, mama."

Walipokuwa wakitoka, mama akasimama langoni mbele ya mlinzi, ambaye hakuwa amemuuliza kitu, akamshika bintiye mkono.

"Huyu unayemwona," akasema, "nimemzaa mimi."