Jambia la Donatus

Siku ya kwanza Bernadina kukalia kiti cha ukatibu wa baraza, pale machimboni Nyarugusu, kesi ya kwanza kuletwa ilikuwa ya mstari mmoja tu. Alisimama, akakohoa kidogo, akaisoma kwa sauti ile aliyozoea kusomea somo kanisani:

"Donatus analalamika kwamba Athanas amemchukulia jambia."

Mabenchi ya nyuma yakalipuka kwa kicheko.

Mzee Mayala, mwenyekiti, Msukuma aliyejifunza Kiswahili ukubwani na ambaye mpaka leo hakiamini sana, akamwinamia. "Ng'wanawane, mwanangu, hebu rudia. Athanas kamjambia Donatus? Na hilo nalo ni la kuletwa barazani?"

Bernadina alihisi masikio yanawaka moto. "Hapana, baba. Si kujambia. Ni jambia. Ni silaha."

"Hata hiyo nyingine ni silaha," mtu akadakia kutoka nyuma. "Inategemea umekula nini!"

Ilibidi mzee agonge meza mara tatu ndipo Donatus akapata nafasi ya kujieleza. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alisema yeye na Athanas wanachimba duara moja, yaani shimo moja la dhahabu, na wanalala chumba kimoja. Jambia alilinunua kwa Mwarabu mmoja wa Kahama aliyekuwa akifunga duka, likiwa na ala yake ya ngozi. Jumatatu alikuta ala tupu.

"Mimi nina kisu," Athanas akajibu bila wasiwasi. "Kisu changu cha kumenyea viazi, nimekiacha nyumbani. Hilo dude lake hata jina lake ndiyo nalisikia leo."

Hapo wazee wakaanza kubishana. Mmoja alisema jambia ndilo sime. Mwingine akasema sime ni ndefu, wanavaa Wamasai. Jambia ni kisu tu, ila cha tajiri. Mzee Mayala akamgeukia katibu wake. "Wewe ndiye umesoma. Tofauti ni nini?"

"Kisu, baba, kina makali upande mmoja, na upande wa pili kina mgongo. Jambia lina makali huku na huku, na ncha mbele. Halikutengenezwa kwa ajili ya nyanya. Ni la kumchoma mtu." Bernadina alikuwa anaeleza tu, ila alipofika hapo wazo likamjia. Akamnyooshea Athanas kalamu yake. "Kaka, hebu tuonyeshe unavyomenya viazi."

Athanas akaishika kalamu, akakandamiza dole gumba juu yake, pale ambapo kisu kingekuwa na mgongo. Baraza zima likaliona dole lenyewe: limefungwa kitambaa, nene kama muhogo.

"Limefanya nini hilo?" Bernadina akauliza.

"Nilijikata."

"Kwa mgongo wa kisu?"

Athanas alitazama dole lake kama vile limemsaliti. Akajaribu kukunja uso, ukakataa. Akaangua kicheko yeye mwenyewe, na watu wote wakamfuata.

Akasema kweli. Jumamosi alikuwa anakwenda Kahama kwa wazazi wa Noela, mchumba wake, kujitambulisha, na kaka zake Noela walikuwa watano, wote wapakiaji wa mpunga. Aliona akiwa na kitu kiunoni hawatamdharau. Viazi vilikuwa vya kujizoeza kukishika tu.

"Ungeniomba," Donatus akasema.

"Ungenicheka."

Mzee Mayala akaamuru jambia lirudishwe kabla ya jua kuzama, na Athanas akaomba radhi mbele ya watu. Walipokuwa wanatoka, Bernadina akamsikia Donatus akimwambia mwenzake kwamba ukweni haendi mtu na silaha, hata Mwarabu haendi nayo. "Ila mtu haendi peke yake pia. Jumamosi saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Basi nifulie lile shati langu la bluu. Kwa mkono huo mzima."