Ramani ya Jana

Mwaka ule watu wa Bunia, mashariki mwa Kongo, walisema amani imerudi, lakini walilisema neno hilo taratibu, kama mtu anayempita mbwa aliyelala.

Musoki na mwenzake Delphin walifanya kazi katika chumba kimoja mtaani Bigo. Walitengeneza programu ya simu ya kuwaonyesha wasafiri njia za kuepuka. Kila asubuhi mashofere walileta habari, kisha chombo walichokiandika wenyewe, walichokiita Fundi, kikaunganisha msimbo wa programu, sauti na ramani ya njia kuwa kifurushi kimoja, kikakituma kwenye simu za watu.

Siku hiyo Musoki alikuwa akipanga upya majaribio ya Fundi. Yalijiendesha yenyewe, lakini yote yalirundikwa katika folda moja, hili likila makombo ya lile. Akalipatia kila jaribio folda yake, akaliendesha peke yake. Moja ambalo halijawahi kushindwa likashindwa: lile la kuhakikisha kwamba ramani ikibadilika, Fundi anachukua mpya.

Alirudia. Likashindwa tena. Ndipo alipoelewa. Jaribio hilo lilikuwa linapita kwa sababu lililotangulia lilisafisha ghala ambamo Fundi huhifadhi vipande vya zamani. Bila usafi huo, Fundi aliokota ramani ya jana, akaibandikia tarehe ya leo.

“Delphin, kifurushi cha leo kilishatoka?”

“Kilitoka asubui. Majaribio yote ilipita.”

“Mashofere walisema nini juu ya njia ya Tchomia?”

“Walisema tuifunge. Masasi ya bunduki ilisikika.”

Musoki akafungua simu yake. Njia ya Tchomia: salama.

Dada yake mkubwa, yaya Agathe kama alivyomwita, alikuwa ameondoka asubuhi hiyo kwenda huko kununua samaki. Kabla ya kupanda gari aliuliza kama njia ni salama, na Musoki alimjibu, “Enda tu, yaya.”

Alipiga. Simu haikupatikana.

“Tutafute kwanza kosa,” Delphin alisema.

“Hapana. Safisha ghala, tuma ramani ya kweli. Kosa tutalitafuta nyuma.”

Walituma. Lakini simu iliyo mahali pasipo mtandao haipokei kitu, na barabara ile ina sehemu nyingi za namna hiyo. Mvua ikaanza kupiga mabati. Kila pikipiki iliyosimama nje ilimfanya Musoki ashike ukingo wa meza.

Mchana Agathe akapiga.

“Niko Bogoro, hapa katikati ya njia. Siye tulikuta bamama banarudia na miguu, shofere akageuza. Mimi nilikuwa namwambia aendelee, juu simu ilisema njia iko muzuri. Ni weye unatengenezaka ile programu.”

Musoki akauliza kama kuna wengine waliopita.

“Kuna teksi ilitutangulia,” Agathe alijibu. “Ile haikurudia.”

Kesho yake shofere wa teksi hiyo, Evariste, aliingia mjini kwa miguu pamoja na abiria wake, matope hadi magotini. Walilala porini. Gari lilichukuliwa na watu wenye bunduki. Musoki alimfuata nyumbani kwake, akamweleza yote kuhusu ramani ya jana, bila kumtaja Delphin.

Evariste alimsikiliza akikanda mguu uliovimba.

“Sasa ile programu iko naonyesha kweli?”

“Iko naonyesha. Tuliijaribu tena.”

“Na ile siku ingine, hamukuijaribu?”

“Tuliijaribu,” Musoki alisema. “Majaribio yote ilipita.”