Kichuguu Bwenini

Jumamosi asubuhi Devota alikuwa anafagia chumba, na fagio likakwama kwenye udongo chini ya kitanda cha mwenzake. Ulikuwa udongo mwekundu, mbichi, umesimama kama ngumi, na mchwa walipanda na kushuka juu yake bila haraka. Devota alikuwa mtoto wa wakulima wa Mpitimbi, kwa hiyo alikijua kichuguu hata kingali kichanga. Akakibomoa kwa kandambili, akaumwaga udongo dirishani, akaenda kuanika mashuka.

Jumatatu kilikuwa kimerudi, tena kimeukumbatia mguu wa kitanda.

Kitanda kilikuwa cha Zulfa, binti wa Nalasi, Tunduru. Wote wawili walikuwa mwaka wa pili katika chuo cha afya kilichoko Msamala. Tangu muhula uanze Zulfa alikuwa haamki vizuri wala halali vizuri. Aliketi kitandani na kitabu kilichofunguliwa ukurasa uleule. Wali alioletewa aliupangua kwa kijiko, kisha akaufunika.

Matroni Theodosia alipita kukagua vyumba, akainama, akatazama.

"Hiki nacho kimeota lini?"

"Wiki iliyopita, matroni."

"Basi udongo msimwage dirishani. Mnaniziba mtaro."

Akaenda chumba kinachofuata.

Ni Devota aliyegundua kichuguu kinakula nini. Kila mtu alipopita mlangoni na kuuliza habari za asubuhi, Zulfa alijibu, "Nzuri tu," na mchwa chini wakaongeza mwendo. Kwetu mtu hujibu nzuri kwanza. Hata msibani, maiti ikiwa bado ndani, mfiwa huulizwa habari na hujibu nzuri, ila tumefiwa. Zulfa ile "ila" ilikuwa haimtoki.

Kila Ijumaa baada ya swala baba yake, mzee Muhsini, alipiga simu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Masomo yanakwendaje?"

"Sijambo baba. Yanakwenda, alhamdulillahi."

Simu ilipokatika udongo ulikuwa umempanda Zulfa miguuni mpaka magotini.

"Si ungemwambia?" Devota akasema.

"Nimwambie nini? Nalasi nzima wananiita nesi. Kuna bibi mmoja, Mwanahawa, ana kidonda mguuni, amegoma kwenda zahanati. Ananisubiri mimi."

"Shauri yake na kidonda chake."

Zulfa hakucheka.

Jioni moja Devota alirudi kutoka bwaloni na sahani mbili. Hakuuliza habari. Alisema, "Maharage ya leo yana mawe, na mimi mchana nililia bafuni mpaka maji yakakatika." Zulfa akapokea sahani. Kisha akasema, "Mimi naogopa, Devota. Naogopa kuamka. Naogopa wodi. Nikishika sindano, mkono ni kama si wangu."

Donge la udongo ukubwa wa mkate likameguka, likaanguka sakafuni. Wote wawili wakalitazama.

"Sema tena," Devota akasema.

"Nimechoka."

Likaanguka jingine. Siku hiyo Zulfa alikula, akalala na taa ikiwaka.

Kesho yake Devota akampeleka kwa Mwalimu Sixbert, msimamizi wa ushauri kwa wanafunzi. Zulfa aliichomoa miguu kichuguuni, udongo ukabaki umemganda kama buti, wakapanda ngazi polepole. Mwalimu Sixbert alikuwa mtu mwema. Alikuwa anaandaa wiki ya elimu ya afya ya akili, na meza yake ilijaa mabango.

"Karibuni mabinti. Hamjambo?"

"Hatujambo. Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Habari za masomo?"

Zulfa aliangalia mvi za mwalimu. Aliangalia sakafu iliyotoka kudekiwa, na alama nyekundu alizoziacha juu yake.

"Nzuri, mwalimu."

"Safi sana. Jumatano msikose semina, mada inawahusu nyinyi vijana."

"Mwalimu," Devota akasema, "mwenzangu ana kichuguu."

"Namwona. Kipo kwenye mada ya tatu."

Siku ya semina wavulana wawili walimbeba Zulfa akiwa juu ya kiti. Mwalimu Sixbert alifundisha vizuri. Alieleza sonona ni nini na wasiwasi uliopitiliza ni nini. Alisema huzuni isiyoondoka, usingizi uliopotea na mtu kujitenga na wenzake si uvivu, si kukosa imani, wala si kurogwa. Alisema kinga ya kwanza ni kuzungumza mapema na mtu unayemwamini. Hakukosea hata neno moja. Muda wa maswali ulikuwa umeshaisha, kwa hiyo wakagawiwa mtihani. Zulfa akawa wa kwanza, ukumbi ukampigia makofi. Aliporudishwa chumbani, kichuguu kilimfika kifuani.

Mvua ya kwanza iliponyesha kilikuwa kimepita kichwa. Kilibakiza tundu la kupitishia uji, na Devota alimnywesha kwa kijiko. Jioni hiyo kumbikumbi wakaanza kutoka. Wasichana wa bweni zima walikuja na mabeseni ya maji, wakayaweka chini ya taa, wakavuna wakicheka. Waliwakaanga kwa chumvi hukohuko koridoni.

"Jamani, wa Zulfa wana mafuta! Utadhani korosho!"

"Asante Zulfa!"

"Karibuni," sauti ikajibu kutoka ndani.

Devota naye akapelekewa sahani. Alikula kidogo, maana kukataa chakula cha mwenzako si adabu. Halafu akachukua simu ya Zulfa, akampigia mzee Muhsini na kumweleza yote. Hakuanza na nzuri.

Mzee Muhsini alifika na mfuko wa korosho na koti lililokunjamana kwa safari. Alikizunguka kichuguu, akakigonga kwa kidole kama mtu anayepima fenesi.

"Changu kiliota uani," alisema, "mwaka aliofariki mama yake Zulfa. Ndugu zangu walikibomoa, wakafyatua matofali. Ndiyo nyumba tunayoishi."

"Na wewe baba ulipona vipi?" Devota akauliza.

Mzee akatazama viganja vyake. "Nililima," akasema.

Akaketi sakafuni, akaweka shavu kwenye udongo, akaanza kusema kwa Kiyao. Devota hakuelewa maneno, ila alisikia sauti ya mzee ikikatika na kuendelea, ikikatika na kuendelea. Ndani Zulfa akaanza kujibu, kidogo kwanza, kisha kwa mfululizo. Udongo ukawa unamomonyoka. Vidole vikatokeza, halafu kiganja, halafu mkono mpaka kwenye kiwiko, na mzee akaushika.

Mlango ukagongwa. Mwalimu Sixbert aliingia na wanafunzi wa mwaka wa kwanza, kalamu mkononi.

"Shikamoo mzee. Samahani, tunaomba dakika chache. Ni kipindi cha vitendo."

Mzee Muhsini maisha yake yote hakuwahi kukaa mbele ya mwalimu aliyesimama. Aliuachia mkono, akajikung'uta udongo kwenye koti, akainuka.

"Mwalimu, alikuwa anaongea!" Devota akasema.

"Vizuri sana. Kuzungumza ndiyo kinga ya kwanza. Andikeni hapo."

Wakaandika. Mchwa wakapanda, wakaanza na kiwiko, na mwalimu akawaonyesha wanafunzi jinsi wanavyofanya kazi.

Mzee alisubiri koridoni, mfuko wa korosho magotini, akiwasikiliza vijana wakitaja dalili kwa pamoja kama wanaoimba. Kipindi kilikwenda mpaka saa yake ya basi ikakaribia. Mwalimu alipotoka, mzee akasimama tena.

"Mwanangu anaelewa, mwalimu?"

"Huyu? Anawaongoza wote."

Mzee Muhsini akamshika mwalimu mkono kwa mikono yake miwili, akamshukuru kwa kumsomeshea mtoto.