Theluthi ya London na Paris

Mihayo, karani wa mgodi wa dhahabu kule Geita, alijitia kitanzi kwa ulimi wake mwenyewe. Alikwenda Kishapu kumposa Mbuke, na mzee Bujiku, baba wa binti, akamwuliza jambo jepesi: "Ng'ombe wako wako Isaka kwa mjomba wako. Kufika hapa watalala njiani mara ngapi?"

Mtu mwenye akili zake angehesabu visima na malisho. Mihayo alichomoa mfukoni ratiba ya ndege, aliyoiokota kwenye takataka za Mzungu wake.

"Baba, toka kiwanja cha Croydon, London, mpaka Le Bourget, Paris, ni maili mia mbili na ushei. Ndege inakwenda saa mbili na robo tu! Isaka na hapa ni maili sabini, theluthi yake. Nipe siku nne, kuanzia kesho kutwa."

"Sikuuliza maili," alisema Bujiku. "Lakini umesema mwenyewe. Jua la siku ya nne likizama hujafika, Jilala naye anamposa, na ana ng'ombe."

Sasa ilikuwa siku ya nne, mchana, na Mihayo alikuwa akizunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Siku tatu waliwaswaga ng'ombe mbiombio, malisho wakiyapita kando. Leo yule wa kijivu, anayewaongoza wenzake tangu Isaka, alikuwa amelala chini ya mgunga, anazaa. Mabula, binamu yake mchungaji, aliketi akitafuna unyasi.

"Mwambie afanye upesi!"

"Mwambie wewe, karani. Si ndiwe uliyesoma?"

"Basi mchape kidogo, ainuke."

"Anayezaa hachapwi. Kwani ndege zenu za Paris hazizai?"

Ndama alitoka, akalambwa, akasimama, akaanguka, akasimama tena, akanyonya. Mihayo alitazama jua, akatazama ratiba, akatazama jua. Hakuna kilichomhurumia. Akainama, akambeba ndama mabegani.

"We! Unakwenda wapi?"

"Paris!"

Mama mtu akalia, akamfuata mwanawe. Kundi nalo likamfuata mama. Mabula akabaki nyuma akicheka, fimbo haina kazi. Kila Mihayo alipokaza mwendo, ng'ombe alichoka, ikabidi amtue ndama, wamsubiri, huku miguu yake ikichezacheza mahali pamoja. Mara ya tano ndama alimkojolea kifuani, ukalowa mfuko na vilivyomo.

Walipofika kwa Bujiku, jua lilikuwa limebaki kipande. Jilala alikuwa uani, ameketi kwenye kigoda kama mwenyeji. Mzee hakumtazama Mihayo. Alimzunguka ng'ombe wa kijivu, akampapasa mbavu, asione alama ya fimbo.

"Jilala, mwanangu," akasema, "nisalimie nyumbani."

Kisha akamgeukia Mihayo. "Haya, mkwe. Toka alikozalia hadi hapa ni mbali kiasi gani?"

Mkono wa Mihayo ulikimbilia mfukoni. Ukatoka na uji wa karatasi.

"Mbali, Baba," akasema, akihema. "Tumepumzika mara tisa."